Barua ya Malalamiko Kuhusu Kahawa Isiyoumuka

Rau,
Moshi.

12 Agosti 2024

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Kukaanga na Kufungasha Kahawa,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: MIFUKO MINNE YA KAHAWA ILIYOCHAKAA NA ISIYO NA TAREHE YA KUKAANGWA

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 22 Julai mwaka huu nililipa shilingi 72,000 kwa mifuko minne ya kahawa yenu ya punje nzima, kila mmoja gramu 250, ambayo tangazo lenu lilisema imekaangwa kwa kiasi cha kati na ndiyo kwanza imetoka kikaangoni. Mzigo ulinifikia kesho yake kwa basi, nikauchukua stendi bila usumbufu wowote, na kwa upande huo sina neno. Neno langu ni juu ya kilichokuwamo ndani.

Kahawa yangu naitengeneza nyumbani kwa kumimina maji kwa mkono juu ya chujio la karatasi, na naomba mnivumilie nieleze utaratibu wangu kwa urefu kidogo, kwa sababu mhudumu wenu alinijibu kana kwamba kosa ni la mkono wangu. Napima gramu 18 za punje kwenye mizani ndogo, nazisaga kwa mashine ya mkono hadi zifikie ukubwa wa chembe za sukari, kisha nalowesha karatasi kwa maji ya moto ili ladha yake ipungue na koni ipate joto. Namimina kwanza gramu 40 tu za maji, nangoja sekunde 40, halafu naendelea taratibu, kwa kuzungusha birika, hadi mizani isome gramu 290. Kwa kawaida dakika ya tatu ikifika maji yote yameshapita. Maji nayatumia yakiwa yametoka kuchemka, kwa kuwa kwenye mwinuko wa Moshi yanachemka kwa nyuzi joto 97 hivi, na huko kwenu Arusha, mlio juu zaidi yetu, ni kama 95, hivyo hakuna haja ya kuyaacha yapoe kwanza.

Zile sekunde 40 za mwanzo ndizo shahidi wangu. Punje zikikaangwa hutengeneza hewa ya ukaa nyingi, ambayo hubaki imefungiwa ndani yake na kutoka kidogo kidogo kwa siku na majuma yanayofuata. Kahawa ambayo bado ina hewa hiyo, ikiguswa na maji ya moto, huumuka kama unga wa maandazi: inapanda katikati, inatoa mapovu, na harufu inajaa jikoni. Ya kwenu ililala. Maji yaliingia, rangi ikakolea, basi; uso wake ukabaki bapa kama tope lililotulia mtaroni. Nilichokunywa kilikuwa uchungu mtupu na ladha ya boksi lililolowana, ilhali mfuko uliniahidi chungwa na asali.

Sikukimbilia kulaumu. Siku ya pili nilisaga laini zaidi, siku ya tatu nikaongeza kahawa hadi gramu 20, siku ya nne nikaacha maji ya bomba nikatumia ya chupa. Siku ya tano nilibisha hodi kwa jirani yangu, mama mmoja ambaye kaka yake analima Kibosho na ambaye hukaanga mwenyewe kwenye kikaango cha chuma juu ya mkaa, nikamwomba kiasi cha kikombe kimoja cha kahawa aliyokuwa ameikaanga siku nane nyuma. Nilitumia mashine ileile, karatasi zilezile na maji yaleyale ya bomba. Iliumuka mpaka ikatengeneza kichuguu, na ikanywewa hadi tone la mwisho. Wala sisemi kwamba yule mama ni fundi kuwashinda ninyi, maana punje zake zilikuwa na rangi mbili tatu tofauti. Alichowazidi ni siku tu.

Nikaurudia mfuko wenu na kuuchunguza. Hauna kile kitundu cha kutolea hewa ambacho wakaangaji wengi hukiweka ili gesi itoke bila hewa ya nje kuingia. Kahawa mpya ikifungwa ndani ya mfuko wa namna hiyo ingeutunisha kama mpira, lakini mifuko yote minne ilinifikia ikiwa imenywea. Maana yake, kwa akili yangu, ni kwamba hewa ilikuwa imeshaisha kabla ya kufunga, yaani punje zilikaa mahali kwa muda mrefu kabla hazijaingia mfukoni. Tarehe ya kukaangwa haipo popote. Kilichopo ni "Tumia kabla ya Desemba 2025".

Tarehe 30 Julai nilipiga simu ofisini kwenu. Binti aliyepokea alikuwa na adabu, akaniita baba mwanzo hadi mwisho, na simlaumu kwa sababu ni dhahiri alikuwa akisoma majibu aliyoandikiwa. Alinieleza kwanza kwamba kahawa hiyo ni AA, daraja la juu. Ndugu Meneja, AA ni ukubwa wa punje unaopimwa kwa chekeche yenye matundu ya milimita 7 hivi. Chekeche haijui kahawa ilikaangwa lini. Pili, alisema kwamba kahawa haiharibiki, kwani ninyi hutoa miaka miwili tangu siku ya kufungasha. Hapo nilishika kalamu nikahesabu kurudi nyuma: kutoka Desemba 2025, miaka miwili inatupeleka Desemba 2023, miezi saba kabla sijalipa. Hiyo ndiyo kahawa iliyotangazwa kwamba ndiyo kwanza imetoka kikaangoni.

Tatu, na hili ndilo lililoniudhi, aliniambia kwamba kumimina kwa karatasi ni fasheni ya siku hizi, na kwamba wateja wenu wa kawaida wanachemsha kwenye sufuria na hawalalamiki. Chujio la karatasi lilibuniwa na Melitta Bentz, mama wa nyumbani wa Dresden, Ujerumani, mwaka 1908, miaka 25 kabla KNCU yetu, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, haijaanzishwa. Ama hao wa sufuria, nendeni vijiweni mkawaulize wazee wanaokunywa kahawa chungu kwa kashata kama hawaitambui kahawa iliyolala. Wanaitambua sana, ni kwamba hawana namba yenu ya simu.

Kuna jambo moja zaidi kwenye mfuko wenu. Kwa maandishi ya dhahabu mmeandika "Urithi wa Kilimanjaro tangu 1898", mkikusudia, nadhani, mwaka ambao wamisionari walianzisha kahawa pale Kilema. Nimezaliwa kilomita chache kutoka Kilema na nimesomeshwa kwa kahawa ya kihamba, yaani shamba la familia, hivyo mwaka huo sihitaji mtu wa kunikumbusha. Nilichohitaji kujua ni mwezi ambao punje hizi ziliingia kikaangoni, na hilo kampuni yenu haikulipatia nafasi.

Naomba yafuatayo. Mnirudishie shilingi 72,000 zote kwa njia ileile niliyolipia, wala si punguzo la asilimia 10 kwenye oda ijayo ambalo binti yenu alinipa, kwa kuwa siwezi kuagiza tena kabla sijajua nanunua kitu cha lini. Mifuko mitatu haijafunguliwa na wa nne umebaki kidogo. Yote nitawarudishia kwa basi pindi mtakapolipia nauli ya mzigo. Aidha, naomba mnijibu kwa maandishi ni tarehe gani kahawa hiyo ilikaangwa, kwa kutumia namba ya bechi inayoonekana kwenye picha nilizoambatanisha pamoja na risiti, na iwapo mtaanza kupiga muhuri wa tarehe ya kukaangwa kwenye kila mfuko. Muhuri wa mpira na wino unatosha. Simwombi mtu anunue mtambo.

Natarajia majibu ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita bila jibu, nitapeleka nakala yake, pamoja na picha hizo na ile hesabu ya Desemba, kwenye Tume ya Ushindani.

Wenu,

(Sahihi)

Mwalimu mstaafu,
mteja wenu wa tarehe 22 Julai