Ile milioni 2 iliyotoka kichwani kwako

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei na grupu la familia ulishalefti, ndo maana nakuandikia huku mbele za watu, labda kuna mtu wa huko Leicester atakurushia. Watoto hawajambo? Huyo wa mwisho kashaota meno?

Mimi ile siku barazani siisahau. Arobaini ya mama imebaki siku 9, Mjomba kashika daftari lake, akauliza kwenye grupu jamani hitima yote itafika ngapi, nawe ukajibu kwa Kizungu chako, "off the top of my head, 2 million". Wazee wote wakanigeukia mimi, si ndo msomi wao wa form four. Nikasoma mara mbili nikawaambia, anasema milioni 2 zinatoka juu ya kichwa chake, yaani kajitwisha mwenyewe, asisumbuliwe mtu. Mjomba alilia. Alilia kweli, akajifuta na shati, akasema kumbe mtoto hajatutupa, na palepale mbuzi 2 wakawa 4, mchele ukaongezwa, vyote kwa mkopo na kwa jina langu.

Ukatuma laki 3.

Kumbe ulikuwa unakadiria tu! Nimekuja kuambiwa juzi na mwanangu wa form two, wamepewa zoezi la nahau za kichwa, anasoma kwa sauti mimi nachagua mchele, eti mama hiyo ni kusema kitu papo hapo bila kukaa chini kukipigia hesabu. Nikaweka ungo chini. Nikamwambia nisomee zote. "Lose your head" sio kufa, ni kupaniki, na "keep your head" ndo kutulia. "Head over heels" ni kupenda mpaka kupinduka, sasa mtu akisimama si kichwa ndo kiko juu ya visigino siku zote? Eti zamani walisema visigino juu ya kichwa, baadaye wakaigeuza, haya, lugha yao.

Halafu akafika kwenye "in over my head". Nilipokufuata inbox na hasira zangu ndo uliniandikia hiyo, mimi nikaelewa unasema tumekupanda kichwani, nikakujibu yale maneno kuhusu mkeo. Kumbe ulikuwa unasema mambo yamekuzidi kimo. Mtu anazama, mimi namtukania mke.

Lakini na wewe. Ungeandika "dada nimezidiwa" ungepungukiwa nini? Ukiumwa kichwa utotoni nani alikuwa anakufunga leso, usiku kucha? Na wote tumesoma msingi kwa Kiswahili, tukaingia form one kila somo Kiingereza ghafla, mwalimu mwenyewe anatoka jasho, hizi habari za vichwa nani alitufundisha? Nilitafsiri neno kwa neno kama tulivyozoeshwa. Mtu yeyote angeelewa vile, mimi sio kichwa maji. Nakushauri kama mkubwa wako, pesa na misiba usiviongelee kwa nahau, watu wanachinja.

Nilitaka pia kukwambia unafukia kichwa mchangani kama mbuni, nayo imo kwenye zoezi, ila mbuni wala hafanyi hivyo, akiinama anageuza mayai yake kwenye shimo. Labda na wewe una mayai yako huko, sijui, hukuniambia.

Deni la mbuzi nimelimaliza kwa mkopo wa kikoba, sikudai. Basi nadai kidogo. Mjomba hajui kitu, anafikiri umebadilisha namba tu, na mpaka leo akitoka msikitini anawaambia watu hitima ya dada yake ilisimamiwa na mtoto wa Ulaya, milioni 2 taslimu. Mimi nipo pembeni naitikia. Ukimpigia usije ukamwambia.