Mkono wa koti la Koufax

Mhariri,

Gazeti lenu hunifikia limechelewa, mara nyingine limefungia vitumbua. Ndivyo nilivyoisoma habari ya Sandy Koufax, mrushaji mpira wa besiboli wa Los Angeles Dodgers, timu ya Marekani. Mmemsifu kwa wapigaji 382 aliowatoa msimu wa 1965 na mechi 27 alizoshinda 1966. Mkamalizia kwamba alistaafu Novemba mwaka huo, ana miaka 30, akiwa kileleni. Utadhani mtu kashiba, kanawa mikono, kaondoka.

Hakushiba. Mpwa wangu alinitafutia zaidi kwenye simu. Kiwiko cha kushoto, kile cha kurushia, kilikuwa na ugonjwa wa yabisi. Kabla ya mechi anachuliwa dawa ya pilipili, sindano nazo anachomwa. Mechi ikiisha kiwiko kinatumbukizwa kwenye maji ya barafu. Madaktari wakamwonya kwamba mkono unaweza kulemaa. Lakini lililonikaa mimi fundi ni hili: mkono uligoma kunyooka, ikabidi mkono wa kushoto wa koti lake ufupishwe.

Jambo hilo mtu wa cherehani halimpiti. Na mimi yamenikuta.

Mwezi wa pili mpwa huyohuyo alikuja nimpime shati la shule. Yuko kidato cha pili, anarusha mkuki. Mkono wa kushoto inchi 23. Wa kulia 22, haufiki hata na nusu. Nikadhani futi imejikunja, nikapima tena.

"Nyoosha vizuri."

"Ndo nimenyoosha, mjomba."

Kumbe tangu mwaka jana kiwiko kinamuuma, na mwalimu wake wa michezo kila siku anamwambia akaze, maumivu ya mazoezi hayaui mtu. Mtoto wa miaka 15, mifupa ya kiwiko bado inakua! Nilimpeleka hospitali, akaambiwa asirushe kitu miezi mitatu. Mwalimu amenuna, salamu yangu haitikii. Shauri yake.

Ninachoomba, mkiandika tena watu wa namna ya Koufax, ushindi wao utajeni, na kiwiko mkitaje. Walimu wa michezo nao wanasoma gazeti.

Shati nimelishona, mikono yote miwili sawasawa, inchi 23. Wa kulia bado unamfunika kiganja.

Fundi cherehani,
Majengo, Dodoma