Kuhusu springi ya Rukia

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji, na radhi kwa kimya changu cha tangu Idi. Hamadi amenieleza kwamba unataka kumrudisha Rukia kwa daktari ili springi yake ya meno ikazwe, kwa kuwa miezi miwili imepita na pengo bado linaonekana. Nakusihi usiende kabla hujaisoma barua hii.

Mwanangu alipofungwa ya kwake, kutoka kwenye chonge hadi kwenye gego, nami nilikwenda kugomba kama unavyotaka kufanya wewe, nikaishia kuaibika. Nilidhani jino huvutwa kama msumari unavyong'olewa ubaoni. Kumbe mzizi umeshikwa na nyuzi kwenye mfupa wa taya, katika nafasi ya takriban robo milimita tu. Springi ikivuta, upande mmoja wa nyuzi hizo hubanwa na wa pili hutanuka. Penye kubanwa, seli huja kuula mfupa. Penye kutanuka, nyingine huujenga upya, na jino hupata njia ya kusogea kama milimita 1 kwa mwezi. Pengo la milimita 7, basi, hesabu mwenyewe.

Ukikaza kupita kiasi, mishipa midogo ya damu hufungika, seli hazifiki, na jino hugoma pale pale kwa wiki kadhaa, mbali na hatari ya mzizi wenyewe kuliwa. Kwa chonge, gramu 150 hivi zinatosha, uzito usiofikia hata wa simu yako! Tena gego nalo huvutwa kuja mbele kwa nguvu ile ile, kwa hiyo ukaidi wako ungeliziba pengo kutoka upande usiotakiwa. Jambo hilo la nguvu na nguvu kinzani nalifundisha kila mwaka, na siku ile, mbele ya daktari, halikunijia kabisa.

Sasa nijibu: springi yake ni ya chuma cha pua, ambayo hulegea kadiri pengo linavyopungua, au ni ya nikeli na titani, ambayo huvuta karibu sawasawa hadi mwisho? Je, gego limeegemezwa kwenye kitu chochote? Pengo lilipimwa siku ya kwanza, au mnakisia kwa macho? Na huyo Rukia, ameacha kutafuna barafu?

Wako,
Mbwana