Barua ya Wazi kwa Katibu wa Mamlaka ya Taifa ya Dawa: Sanamaki Ikiwa Ndani ya Chai Bado ni Dawa

Mheshimiwa Katibu,

Nakuandikia nikiwa mfamasia wa duka la dawa la mtaani hapa Kampala, kuhusu chai za mitishamba zinazouzwa kwa sifa ya kusafisha tumbo na kuondoa kitambi, ambazo wateja wangu wengi huzinywa sambamba na vidonge walivyoandikiwa na daktari.

Sina ugomvi na tiba asilia, ambayo Bunge letu limeitungia sheria yake ya mwaka 2019. Kinachonitia wasiwasi ni pakiti. Hivi karibuni mama mmoja anayetumia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, aliniwekea boksi mezani: mbele kuna picha ya kiuno chembamba na maneno "asilia tupu", na nyuma, kwa herufi za kutafutia miwani, jina la sanamaki, mmea wa kuharisha, kwa Kilatini. Hakuna kipimo wala onyo lolote.

Sanamaki hulazimisha utumbo mpana kufanya kazi saa 6 hadi 12 baada ya kunywewa, na haikukusudiwa kutumiwa kila usiku kwa miezi. Anayeizoea hupoteza maji na potasiamu. Akiwa anatumia pia domperidone kwa ajili ya kichefuchefu, hatari huongezeka, kwa sababu dawa hiyo yenyewe inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na potasiamu ikipungua uwezekano huo unakuwa mkubwa zaidi. Omeprazole nayo, ikitumiwa muda mrefu, hasa zaidi ya mwaka, inaweza kushusha magnesiamu mwilini, na kuharisha kila siku kunaongeza upungufu huohuo. Chai nyingine hutiwa mizizi ya susu ili ziwe tamu, na susu ikizidi hupandisha presha na kumaliza potasiamu.

Hata mnanaa, ambao hakuna anayeushuku, hulegeza mlango wa juu wa tumbo, hivyo mwenye kiungulia huungua zaidi, akadhani vidonge vimeshindwa na kuongeza dozi mwenyewe. Kuna pia chai za kutoka nje zenye mmea wa Hypericum perforatum, unaolifanya ini liivunje omeprazole haraka, na mgonjwa wa vidonda vya tumbo akabaki anameza dawa isiyotosha.

Mheshimiwa, sanamaki ikiwa kidonge hupita mikononi mwenu, nasi tunaulizwa maswali kabla ya kuiuza. Ikitiwa kwenye kifuko cha chai, yeyote huiuza kando ya sukari na biskuti. Ninaomba bidhaa yoyote yenye sanamaki ihesabiwe kuwa dawa, hata ikijiita kinywaji, na pakiti yake itaje mmea kwa jina linalojulikana, kiasi kilichomo, idadi ya siku za kunywa, pamoja na onyo kwa wanaotumia dawa za tumbo, moyo au presha. Onyo hilo liandikwe kwa Kiswahili pia, lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu mabadiliko ya Katiba ya 2005, kwani nimeshapokea boksi lenye maandishi ya Kichina peke yake.

Wakaguzi wenu wanapokuja kukagua leseni zetu, waagizwe kupitia na rafu za chai za maduka jirani. Pakiti nilizokusanya kutoka kwa wateja ninazo dukani, na niko tayari kuzileta ofisini kwako siku utakayoniita.

Wako mtiifu,
Mfamasia, Kampala