Nafula, wale sita usiwauze kwanza

Kisumu, Jumapili jioni

Rafiki yangu Nafula,

Salamu nyingi kutoka Mamboleo. Huku tu wazima, kikohozi cha mtoto kimeisha, na mama anakusalimu sana. Nimefurahi kusikia vifaranga wote 23 wamefika wiki ya tano, na baridi yote hiyo ya Njoro. Lakini hapo uliposema jirani amekuchagulia sita, akakuambia ni majogoo, na kwamba Jumamosi unawapeleka sokoni upate pesa za chakula cha wenzao, moyo ulinipasuka. Nimeacha vyombo kwenye karai nikaketi nikuandikie. Tafadhali, usiwauze.

Unasema aliwashika miguu akawaning'iniza kichwa chini: aliyepigapiga mabawa akawa jogoo, aliyetulia akawa jike. Hilo halina ukweli, dada. Kifaranga akining'inizwa anaonyesha hofu yake tu. Ni sawa na lile la wazee wetu kwamba yai lililochongoka hutoa jogoo na la mviringo hutoa jike. Mwangalie kuku mmoja anavyotaga: mayai yake hufanana umbo karibu siku zote, na bado humo humo hutoka majogoo na majike. Tena kwa kuku mama ndiye huamua kama kifaranga atakuwa jogoo au jike. Mbegu za jogoo zote ni za aina moja. Mayai ya mama ndiyo ya aina mbili, na jambo hilo limeshakatwa kabla ganda halijafunga yai.

Nakuambia kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe nilipotea. Unamkumbuka yule kuku wangu wa kishingo, mwekundu, aliyekuwa akifuata watu hadi mlangoni? Alipofika miezi mitano upanga wake wa kichwani ulivimba ukawa mwekundu kama pilipili, ndevu zikaning'inia, na miguu yake ilikuwa minene. Nikasema huyu ni jogoo asiyetaka kuwika. Mjomba alipokuja kutoka Mumias, nikamchinja. Nilipompasua nikakuta viini vya njano vimeshikana mgongoni kama shanga, vingine vidogo kama punje ya mtama, vitatu vikubwa kabisa, na yai moja tayari limeanza kuvaa ganda laini. Pengine angetaga kesho yake. Mjomba alipewa firigisi yake, wageni wakala wakashiba, lakini mimi nyama ile haikunipita kooni.

Kosa langu nalijua leo. Upanga wa jike nao huiva akikaribia kutaga, kwa hiyo kwa kuku wa miezi mitano wekundu peke yake si ushahidi. Na kwa kuwa kishingo hana manyoya ya shingo, sikuwa na la kulinganisha, nikasahau kutazama mgongo. Mgongo ndio usiodanganya. Kuanzia wiki ya kumi hadi ya kumi na mbili hivi, jogoo huanza kuota, pale mgongo unapokutana na mkia, manyoya membamba yaliyochongoka, yanayong'aa na kuteremka pembeni. Ya jike hubaki mapana yenye ncha ya mviringo, kama kijiko. Mshike mkononi, ufunue manyoya kwa kidole chini ya mwanga wa asubuhi. Ukiona hata matatu yaliyochongoka, huyo ni jogoo, awike asiwike.

Kwa sasa, wiki ya tano, unaweza kukisia lakini usiuzie kisio. Linganisha wa rika moja na wa damu moja, maana ukimweka chotara mwenye mwili mkubwa kando ya kienyeji mtupu, wa kwanza ataonekana jogoo hata kama si jogoo. Mara nyingi dume hutangulia kupata upanga mpana wenye uwekundu, na mgongo wake hukawia kuota manyoya huku jike akiwa ameshavaa vizuri. Ujasiri usiutegemee. Nina mtetea hapa anayewafukuza paka, na anataga kila siku.

Umeuliza pia kuhusu wale wanaotenganisha vifaranga wa siku moja. Hao si waongo, ila kazi yao ni nyingine kabisa. Wajapani ndio walioianzisha miaka ya 1920: mtu humkamua kifaranga kinyesi kwanza, kisha hufungua njia ya haja kwa kidole gumba na kuangalia kinundu kidogo sana ndani, alama ya dume. Hata majike wengine wana kitu kinachofanana nacho, ndiyo sababu wanaojifunza huchukua muda mrefu na kupitia maelfu ya vifaranga. Usijaribu nyumbani. Ukibonyeza vibaya utamuumiza tumboni, na kifaranga wa siku moja hawezi kukuambia anaumwa wapi.

Kuna na ya mabawa: siku ya kwanza au ya pili unalitandaza bawa, na kama manyoya marefu yamepita yale mafupi ya juu yake, ni jike, yakilingana, ni dume. Hiyo hufanya kazi kwa vifaranga ambao wazazi wao walichaguliwa kwa ajili hiyo. Hao wako wa kuchanganyika, waliotoka kwa kuku wa majirani wanne, bawa halitakuambia lolote.

Sasa hili ndilo ningependa ulishike, kwa kuwa una yule jogoo wako mwekundu wa aina ya Rhode Island Red. Mtafutie majike wa Plymouth Rock, wale wa mistari myeusi na myeupe. Mama mwenye mistari huwarithisha mistari hiyo wanawe wa kiume tu. Kwa hiyo vifaranga wakianguliwa, wote ni weusi, lakini madume wana doa jeupe utosini, ndiyo alama ya ile mistari, na majike hawana. Siku hiyo hiyo unawatenga, bila kumkamua mtu wala kumning'iniza. Ila usigeuze: ukichukua jogoo wa mistari na mama mwekundu, watoto wote watapata doa, na utarudi pale pale. Na inafaa kwa kizazi hicho cha kwanza tu. Ukiwazalisha hao chotara wenyewe kwa wenyewe, alama inapotea maana. Nilipowaona wa kwanza kutoka kwenye mashine ya mwenzangu wa Kakamega, wamejipanga kwenye boksi chini ya taa, wengine na doa kama tone la maziwa na wengine weusi tii, nilisimama pale muda mrefu nikiwahesabu.

Basi wale sita wafunge uzi mwekundu mguuni, usikaze, na uulegeze kila wiki kwa kuwa mguu unanenepa na uzi hukata. Pesa za chakula nitakutumia kidogo kesho, utarudisha ukiuza mayai. Nitakuwekea pia omena ya kuku kwenye gunia, ya Dunga, iliyokauka vizuri. Ukiichanganya na chakula usizidishe. Wakitimiza wiki ya kumi na mbili nitapanda matatu nije Njoro, tuwashike mmoja mmoja asubuhi kabla hawajatoka nje. Kama kweli ni majogoo sita, mmoja tutamwacha, watano tutawanenepesha hadi Desemba, watu wakirudi nyumbani magharibi na kila boma linatafuta jogoo.

Msalimie Baba Wekesa. Na huyo jirani mwambie pole pole, ni mtu mwema, asione umemdharau.

Ni mimi rafiki yako,
Akinyi