Wanafunzi wa uandishi wa habari, msiondoke kabla kikao hakijaisha

Mhariri,

Mimi ni ripota wa habari za mitaa, yaani vikao vya madiwani, mahakama za chini, polisi, bomba limepasuka, paa la shule limeezuliwa, mambo ya namna hiyo. Kila mara tunaletewa wanafunzi wa fildi na nimeona bora niwaambie hapa gazetini, maana wakishafika ofisini kila mtu anakimbizana na dedilaini na hakuna anayepata muda wa kuwafundisha vizuri.

Wengi wao kwenye kamera na kukata klipu wananizidi mbali, hilo sibishi. Shida ni ukimtuma mtu kwenye kikao cha halmashauri anaona kama umempa adhabu. Anafika, anasubiri mwenyekiti afungue, anarekodi hotuba, anachukua taarifa aliyoandaliwa na afisa habari halafu huyo, kaondoka. Jamani habari yenyewe bado! Hotuba ya ufunguzi imeandikwa kwa ajili yako wewe ripota, ndo maana ni tamu. Kinachomgusa mwananchi kimewekwa kule chini kwenye ajenda, wajumbe wameshachoka, kinasomwa haraka haraka, "matumizi mengineyo", wanaokubali waseme ndiyo, kimepita. Kwa hiyo omba makabrasha mapema, weka bajeti ya mwaka jana pembeni ya ile ya mwaka huu, ukiona fungu limenona bila maelezo hapo uliza, na ukijibiwa kwa mafumbo uliza tena. Na hesabu mjifunze, tafadhali. Kodi ikitoka asilimia 10 kwenda 15 imepanda kwa nusu nzima ya ilivyokuwa, haijapanda "asilimia 5" kama ninavyosoma kila siku.

Mtu akisema hizi ni stori ndogo mwambieni akasome habari ya Bell, kamji kadogo jirani na Los Angeles kule Marekani, watu hawafiki 40,000 na wengi kipato chao cha chini. Mwaka 2010 maripota wawili wa Los Angeles Times, Jeff Gottlieb na Ruben Vives, walikuwa wanafuatilia mambo ya mji wa jirani, wakasikia kuna maswali kuhusu mishahara ya Bell, wakaomba nyaraka. Kumbe meneja wa mji, Robert Rizzo, alikuwa analipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka! Madiwani nao walikuwa wanavuta kama dola 100,000 kila mmoja kwa kazi ya muda tu. Gazeti lilipata tuzo ya Pulitzer, ile tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, 2011 na Rizzo 2014 akahukumiwa miaka 12 jela. Hakuna kamera ya siri pale, ni karatasi za ofisi. Inaniuma zaidi kwamba mambo yale yalikwenda miaka na miaka kwa sababu hakukuwa na ripota anayehudhuria vikao vya Bell.

Mahakamani ni vilevile. Watergate mnayosomeshwa darasani, ile kashfa iliyomng'oa Rais Nixon wa Marekani, ilianza kama kesi ya wavunjaji watano waliokamatwa Juni 17, 1972, ikapewa dawati la habari za mji la Washington Post, na Bob Woodward, bado mgeni kazini, akatumwa kusikiliza. Akamsikia mshtakiwa mmoja akimwambia jaji kwamba alishawahi kufanya kazi CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Mwisho wake Nixon akajiuzulu Agosti 1974. Sisemi kila kesi ya wizi itamng'oa rais, nyingi ni za wizi kweli, ila usipokuwepo hutajua ipi ni ipi.

Mengine nayapitisha haraka. Jina la mtu mwombe akutajie herufi kwa herufi hata kama unadhani unalijua. Unayemtuhumu mpe muda wa kweli wa kujibu, siyo unamtumia meseji stori ikiwa tayari inakwenda kuchapishwa kisha unaandika "hakupatikana". Mambo ya "hii usiandike" mnakubaliana kabla hajaongea, afisa aliyezoea vyombo vya habari hawezi kukumwagia kila kitu halafu ndo anakumbuka kukukataza. Lakini mwananchi wa kawaida ambaye hajawahi kuhojiwa mwelekeze, mwambie jina lake na maneno yake yatabaki intaneti na mwajiri wake atayaona, halafu aamue mwenyewe. Huyo utakutana naye tena kesho na keshokutwa, hiyo ndo tofauti yetu na wale wanaotua siku moja na kuondoka.

La mwisho nalisema kwa wanafunzi na kwako pia mhariri. Ukiandika fulani kakamatwa, una deni la kufuatilia kesi hiyo hadi hukumu, hata ikichukua miaka na hata kama umeshahamishiwa dawati lingine. Waandike tarehe za kesi kwenye daftari, waende. Na ripota akikuletea kwamba yule mtu kaachiwa huru, usiifinye aya mbili ukurasa wa ndani wakati picha yake akiwa na pingu uliiweka mbele kabisa.

Ni mimi,
Ripota wa habari za mitaa