Minara ya taa ya New York itazamwe kutoka majini

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa safari hivi karibuni ulimshauri msomaji anayekwenda New York apande maghorofa, azunguke madukani, na muda ukibaki ndipo akaitazame bahari. Mimi ni baharia mstaafu na ushauri huo naupinga. Mji ule umekuzwa na bandari yake, na anayetaka kuujua ni vyema aanze na taa zilizokuwa zikiziingiza meli ndani.

Tena asizitazame akiwa ufukweni. Mnara wa taa umejengwa kwa ajili ya mtu aliyeshika usukani usiku, mvua inapiga kioo, naye hajui mwamba uko wapi. Ukiwa nchi kavu unaona jengo. Ukiwa chomboni unaona kazi: huu unakuonya usisogee, ule unakuonyesha mlango wa kuingilia. Mfano mzuri ni mnara wa mwaka 1912 kwenye Staten Island, kisiwa kilicho sehemu ya jiji hilo, ambao umesimama mlimani katikati ya makazi ya watu, mbali kabisa na maji. Anayeupita kwa gari hushangaa taa ya meli inafanya nini pale. Baharia hashangai. Taa ile ina mwenzake wa chini, mnara uitwao West Bank, uliosimama baharini; ukiziona mbili zimepangana, moja juu ya nyingine, unajua umo kwenye mkondo wenye kina. Zikiachana, umetoka njiani.

Kwenda majini pale ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kivuko cha kwenda Staten Island huondokea ncha ya kusini ya Manhattan na hakitozi nauli. Panda, simama upande wa kulia. Utaipita kwanza Sanamu ya Uhuru, na wenzako wote watatoa simu wapige picha. Wachache wanajua kwamba nayo ilikuwa taa ya kuongozea meli, kuanzia 1886 hadi 1902, ikitumia umeme wakati minara mingine ilikuwa bado ya mafuta. Mwanga wa ule mwenge ulikuwa hafifu mno kuwafaa mabaharia, wakauondoa kazini.

Usiondoke pale ukingoni. Kabla hujafika ng'ambo utaona mnara mfupi wa chuma, chini rangi ya kahawia, juu mweupe, umesimama peke yake juu ya mwamba. Huo ni Robbins Reef, wa mwaka 1883, na kwangu mimi ndio moyo wa bandari nzima. Mtunza taa wake, John Walker, alifariki mwaka 1890 kwa kichomi, na inasimuliwa kwamba maneno yake ya mwisho kwa mkewe yalikuwa, "Kate, iangalie taa." Kate alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani, mwanamke mfupi, mwenye watoto wawili. Wakubwa walimwona hawezi, kazi wakawapa kwanza wanaume, nao wakaikataa kwa upweke wa mahali pale. Basi akabaki yeye hadi 1919. Watoto aliwavusha kwa mashua ya makasia kwenda shule Staten Island. Ukungu ukishuka aliwasha mashine ya king'ora, na mashine ikigoma alipanda juu akagonga kengele kwa nyundo mpaka itengenezwe. Anatajwa kuwa aliokoa watu wapatao 50 kutoka majini. Nimepita pale nikiwa kazini, nimepita pia nikiwa abiria wa kivuko, na kila mara navua kofia.

Nataka vijana wetu wanaokwenda kusoma na kutafuta maisha huko wamjue mama huyu. Wanajua majina ya wenye maghorofa.

Mwenye siku nzima avuke aende Sandy Hook, upande wa New Jersey. Mnara wake wa mawe uliwashwa Juni 1764, na ndio mkongwe kuliko yote inayofanya kazi Marekani. Wafanyabiashara wa New York walichoshwa na meli zao kuvunjika, wakachangisha fedha za ujenzi kwa bahati nasibu. Ulipojengwa ulikuwa karibu na ncha ya rasi, kama mita 150 tu. Leo ncha iko zaidi ya kilomita mbili mbele, kwa sababu bahari imekuwa ikirundika mchanga mwaka hadi mwaka. Mnara haujahama hata hatua moja.

Ule mdogo mwekundu chini ya daraja la George Washington nao una habari yake. Daraja lilipofunguliwa 1931 taa zake ziliufunika, baadaye ukazimwa na ikatakiwa uuzwe. Watoto walioupenda kupitia kitabu cha hadithi waliandika barua kuutetea, na mwaka 1951 ukakabidhiwa kwa idara ya bustani za jiji. Umesimama mpaka leo.

Najua nitajibiwa kwamba siku hizi kuna setilaiti. Ni kweli, nami nimezitumia. Lakini mmoja wa watunza taa wa mwisho wa kiraia nchini Marekani, Frank Schubert wa mnara wa Coney Island, alifariki mwaka 2003. Hakuna tena mtu mlangoni wa kukusimulia. Ndiyo maana nasisitiza Makumbusho ya Taifa ya Minara ya Taa, hatua chache kutoka kivuko kinapotia nanga Staten Island, katika eneo la iliyokuwa bohari kuu ya idara ya minara. Huandaa safari za mashua kuizunguka minara hiyo. Msafiri aulize mapema ratiba, na abebe koti hata wakati wa joto, maana upepo wa pale ni mkali.

Mhariri, mtakapoandika tena kuhusu New York, naomba muweke ramani ya bandari yenye minara hii, hata kama itabidi mpunguze picha moja ya maduka.

Baharia mstaafu